Spika za Shauri Moyo Zimemfichua Baba

Mama yangu,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Nairobi, ambako chai inapoa kabla hujaipuliza.

Leo niko Shauri Moyo kwa Fundi Mutua, mchonga vinyago aliyegeuka mtengeneza spika. Anazichonga kwa mvule, moja moja, na majirani wanadhani ni makabati! Nilipotaka kuzisikia, alikataa kuweka wimbo. "Wimbo unapendeza hata kwenye redio mbovu," akasema. "Nipe sauti ya mtu wa kwenu."

Nikamwekea ujumbe wako wa sauti wa juzi, ule wa kuku wa jirani wanaokula bamia zako. Mama, ulijaa kibanda kizima! Muuza maharagwe akachungulia mlangoni: "Mchinje mmoja, mama, wengine wataelewa!"

Tulipomaliza kucheka, Mutua akaniuliza, "Na huyo mzee nyuma yake ni nani?"

Kwenye simu sikumsikia kabisa. Ni Baba, yule aliyeapa hatanisemesha tangu niliposafiri bila ruhusa yake, ananong'ona: "Muulize kama ana sweta."

Mwambie ninayo. Mwambie nimeivaa.

Nawapenda nyote wawili,
Zuhura