Midomo Yenye Mafuta Siku ya Noeli

Liège, Ubelgiji, Siku ya Mungu, kisha misa

Yaya Murhula, kaka yangu mukubwa,

Jambo kwako. Nakuuliza kwanza habari ya afya, juu mama alitufundisha hivyo: hata uwe na hasira namna gani, salimia kwanza. Mugongo wako unaendelea aje? Watoto wanasoma? Muji umetulia kidogo? Mimi huku niko muzima, ni baridi tu inatutesa. Basi, salamu imeisha. Sasa tusemezane.

Umenibloke kwa WhatsApp. Mimi! Mudogo wako uliyemubeba mugongoni kwenye matope ya mutaa wetu wa Kadutu! Ndiyo maana niko nakuandikia kwa karatasi, sawa wakati wa babu, na nimemupa maman mumoja anayerudi Bukavu akuwekee mukononi. Karatasi huwezi kuibloke.

Unajua kwamba ninatengeneza filamu fupi ya Noeli, ya vidoli vya karatasi. Nilivikata mwenyewe na mukasi: mama, wewe, mimi, na Bahati mudogo wetu. Muchana naosha sahani kwenye jiko la hospitali. Nikirudi, navilaza vidoli juu ya meza chini ya kamera. Nasogeza mukono kidogo, napiga foto. Nasogeza tena, napiga. Juma nzima inapita, na Bahati wa karatasi ameinua kijiko tu. Nikipiga chafya, vidoli vinaruka, naanza upya. Sina studio, sina patron, ni mimi na macho yangu haya. Na imefika mbali, yaya. Imebaki sauti tu, sauti ya mama, na Noeli inakaribia.

Mama alikuwa amekubali. Alicheka kwa simu mpaka akakohoa. Kisha wewe ukaingia kwake, ukamunyang'anya ile simu, ukasema: "Nsimire anataka kutuuza kwa wazungu! Ataonesha njaa yetu, na miye niko préfet wa masomo, wazazi wa wanafunzi wataniona aje?" Bahati ndiye aliniambia, usibishe. Halafu, kabla ya kunibloke, ukanitumia na mimi sauti yako: "Weka sapin, muti wa Noeli, weka theluji, weka nyama kwa sufuria. Nani ataumia?"

Mimi nitaumia! Theluji gani Kadutu, yaya? Huku kuna muzungu mumoja wa televisheni, alipenda vidoli vyangu sana, lakini akaomba niongeze askari na mahema ya wakimbizi ndipo aichukue. Nilimukatalia, hata kama nilikuwa namuhitaji. Yeye anataka vita, wewe unataka theluji, na hakuna hata mumoja wenu anayetaka jiko la mama. Mwacha asili ni mutumwa. Unawafundisha watoto wa watu hiyo methali kila mwaka, kisha unarudi nyumbani unaisahau kwa mulango.

Wacha nikukumbushe, juu naona kravati imekukaba mpaka akili. Mwaka ule papa alikuwa ameenda kutafuta dhahabu Kamituga, na hatukuwa na habari yake. Noeli ikafika. Nyama hakuna, hata sambaza, vile visamaki vya ziwa, hakuna. Mama akakata kitunguu, akakikaanga na mawese, mulango wazi kabisa, ili moshi upande mpaka kwa jirani wetu wa juu, Maman Faida. Harufu ikajaa kilima. Sisi tukala bugali na sombe, majani ya muhogo tu. Tukimaliza, akatupanga mbele yake, akachovya kidole kwa mafuta yaliyobaki, akatupaka midomo mumoja mumoja.

"Mupande kwa Maman Faida, mumupe bonjour, mucheke vizuri. Na mutu asilambe!"

Bahati akalamba. Hata kizingiti hakufika! Mama akamupaka tena, akalamba tena, mulafi yule. Wewe ukamupiga kofi, mama akakupiga wewe, na wote tukacheka mpaka machozi. Akamupaka mara nyingine, ukamushika mataya njia yote. Maman Faida akatuangalia midomo, akasema: "Eeh! Leo kwenu mulikula!" Unakumbuka ulivyotembea siku ile? Kifua mbele, sawa mutoto wa gavana.

Hiyo midomo imenisumbua sana kwa kazi. Rangi ya duka haikung'aa. Mwisho nikaenda kwa maman mumoja wa Uvira anayeuza mawese huku, nikanunua kidogo, nikarudi nyumbani, nikachovya kidole, nikapaka karatasi. Ikang'aa! Nililia pale kwa meza kama mujinga.

Sasa unasema namuaibisha mama. Sawa. Nikuulize: siku ile mama alikuwa wapi? Mama ambaye alikuwa anaenda misa ya Noeli hata akiwa na homa, siku ile hakutoka. Watu wakimuita mulangoni, anajibu akiwa ndani. Wewe ulifikiri amechoka. Mimi nilirudi kuchukua sandali zangu, nikamukuta anapangusa sufuria na kidole, anapangusa, anapangusa. Mafuta yote yalikuwa yameishia kwa midomo ya Bahati. Ya kwake ilikuwa mikavu.

Filamu yangu inaishia hapo, yaya. Na pale ndipo ninataka sauti yake.

Sikia basi. Nenda kwa mama, mupe simu yake, kisha toka nje, funga mulango. Akisema "hapana" kwa kinywa chake mwenyewe, nitachoma vidoli vyote na sitakulaumu. Lakini aseme yeye. Siku ile alijificha ndani juu yetu sisi. Usimufungie tena.

Nisalimie wifi yangu, muke wako, Mungu amuongezee uvumilivu. Nisalimie tonton wa Mudaka, ndugu ya mama, umwambie mahindi yake mabichi ninayaota. Nisalimie Bahati na pikipiki yake, umwambie kidoli chake nimekipa ulimi murefu kuliko mukono. Mama usimusalimie. Mupe simu, nitamusalimia mwenyewe.

Mudogo wako, yule ambaye hakulamba,

Nsimire