Hadisi za Koko Mwamini kwenye Site Yangu

Kampala

Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia sana, wewe na Papa. Mungali wazima? Goti la Papa linamuuma bado? Mimi huku nashona, nakula, nasali. Kwa kuwa antene ya simu ya Kalembe ingali imekufa tangu vita ipande kwetu, barua hii nimemupa Papa Kambale, muchuuzi wa Butembo, aipitishe na malori yake. Papa, umusomee Mama pole pole. Na akae chini kwanza.

Munakumbuka nilikuwa naandika hadisi za koko Mwamini, mama yako, vile uliniambia, kwenye ule mutandao mukubwa wenye watu wote wanaingia. Walikuwa wanacheka, wanasifu. Siku moja nafungua: hakuna kitu. Muntu aliniiba hadisi na picha, kisha akashitaki kwamba mimi njo mwizi, wakafunga ukurasa wangu. Niliomba, nikaomba tena. Mashine tu njo ilinijibu. Kazi ya miaka tatu, Mama! Nililia.

Rafiki yangu Neema, mwalimu wa kompyuta, akaniambia: "Dada, kule ulikuwa mugeni. Fungua site yako mwenyewe, kama nyumba yako kwenye mutandao, hakuna mwenye atakufukuza."

"Na nani atanifuata huko?"

Kweli, mwanzoni tulisoma sisi wawili tu. Lakini kila siku ya Mungu, Jumapili, nikitoka misa nilikaa, nikaandika upya hadisi moja moja kutoka kichwani, na chini yake jina la koko, jina la Kalembe, na mahali pa kuniandikia.

Juma iliyopita ujumbe ukaingia kutoka Mubi: "Mimi natengeneza pikipiki hapa. Leo, kwa hamu tu, nimeandika jina la mama yangu kwenye simu, nikakuta hadisi yake ya sungura na mama mukwe. Hiyo alikuwa anatuambia mimi na dada yangu tu. Wewe ni mutoto wa nani?"

Nilipiga kelele mpaka vyerehani vyote vikanyamaza. Nikamupigia, nikamutajia jina.

"Riziki? Ule mwenye kulia ovyo?"

Njo yeye, Mama! Mujomba Bauma, ndugu yako tuliyemupoteza siku ya kukimbia vita, iko muzima! Alipita musituni mpaka Bisie, akachimba madini, kisha akashuka Mubi. Ameoa, ana bibi na watoto wawili. Mukubwa anaitwa Mwamini. Ile hadisi niliiandika mwaka jana, lakini ilimungojea pale pale. Kule kwenye mutandao wa wengine ingekuwa imezikwa chini ya picha za harusi.

Barabara ikifunguka atapanda Kalembe na pikipiki. Usimupikie kidogo.

Munisalimie shangazi Sifa mwenye kuongoza kwaya, na kaka Bahati, mulinzi wa ng'ombe zetu zilizobaki.

Mujomba anasema mwisho wa ile hadisi nimeukosea, eti sungura hakukimbia. Mukikutana, mukumbuke wawili vile iliisha, muniambie. Nitaisahihisha saa ile ile, bila kuomba ruhusa ya muntu.

Mutoto wako, hapa anacheka peke yake,
Riziki