Kigaga cha Mume Wangu Si Rangi Iliyobabuka

Basi tulikwenda zahanati, Shangazi mpendwa, tena asubuhi ileile uliponijibu redioni na kunifokea kwamba mguu wa mtu hausubiri Jumatatu, na leo naomba tena msaada wako, ila safari hii naandika huku nacheka, maana mume wangu anatembea!

Kwa ambao hawakunisikia, mimi na mume wangu ni mafundi rangi, na tumeoana juzijuzi tu. Tulikutana kazini, yeye juu ya ngazi akipaka dari, mimi chini nikipaka ukuta, tone lake likaniangukia puani, na mpaka leo nalihesabu lile tone kuwa ndiyo posa yangu. Tulipohamia chumba chetu alijikwaruza muundi wa mguu kwenye chuma cha kitanda, kidonda kikafunga kigaga, na mimi kwa ufundi wangu wote najua jambo moja, kwamba rangi iliyobabuka ukiipaka nyingine juu yake haishiki, lazima ukwangue mpaka ukutane na ukuta. Nikaona kigaga ni hivyohivyo, uchafu unaoizuia ngozi mpya isitoke. Basi kila jioni namkalisha, naloweka mguu wake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nabandua, naye anakunja uso na kusema, "Mke wangu una mkono mwepesi," nami nayeyuka, kigaga kinarudi, nabandua tena, mpaka mguu ukavimba, ukawa wa moto, ukatoa usaha, ndipo nilipokuandikia nikilia.

Kule zahanati muuguzi aliuliza nani anabandua, mume wangu akawahi, "Ni viatu vya kazini, sista." Shangazi, nani mwingine ana mume kama huyu? Nikasema ni mimi. Muuguzi akanitazama juu mpaka chini: "Bibi, huu ni mguu, si mlango." Akakisafisha kidonda, akampa sindano na vidonge, akafunga bandeji. Sasa uvimbe umenywea na usaha hakuna.

Shida ni kwamba kigaga kipya kimeshika, kigumu, na kinamwasha kupita kiasi. Ananiwekea mguu mapajani, ananiambia kwa ile sauti inayonimaliza, "Pembeni pameshajiinua, malkia wa msasa, vuta kidogo tu." Nikikataa ananuna: "Yaani mapenzi yameisha hata kitanda hakijazoea chumba?" Nami pale pembeni naona ngozi ya waridi, naogopa ugonjwa unarudi, na wiki ijayo tuna kazi ya dari na yeye ndiye wa kupanda ngazi. Nibandue nione kilichomo, au nimwache anune? Na karibu kwetu, Shangazi, uone tulivyokipaka chumba, utadhani umeingia ndani ya machungwa.

*Shangazi anajibu:*

Wewe fundi, nimefurahi mno. Sasa kaa chini nikugombeze.

Kigaga si rangi iliyobabuka. Ni lipu ambayo mwili umejipigia wenyewe. Damu ilitoka, ikaganda, ikakauka, ikaziba tundu ili uchafu usipenye, na chini yake ngozi mpya inatambaa kutoka pembeni kwenda katikati, tena haipendi kuchunguliwa. Kila ulipobandua ulibomoa kilichojengwa na kuwafungulia vijidudu mlango. Niambie, fundi gani anakwangua lipu mbichi?

Kuwashwa huko mara nyingi ni dalili ya kupona. Na hiyo ngozi ya waridi, kama haiumi wala haisambai, ni ngozi yake mpya, isalimie uipite. Ukitaka kuhakikisha, weka mgongo wa kiganja chako karibu na kidonda, kisha kwenye mguu wa pili. Ukisikia joto limezidi, au ukaona uvimbe, usaha, harufu, maumivu yanayoongezeka, homa, au mstari mwekundu unaopanda mguuni kutoka kwenye kidonda, zahanati siku hiyohiyo, wala usiniandikie kwanza!

Osha taratibu kwa maji safi na sabuni, kausha kwa kupigapiga na kitambaa safi, paka mafuta ya mgando kidogo ili kigaga kisipasuke, funika. Vidonge avimalize vyote hata kama ameshaanza kucheza muziki. Kigaga kitaanguka chenyewe kikimaliza kazi, hakihitaji msasa wa malkia.

Na wewe bwana unayenuna, nakujua unasikiliza. Mke aliyekiri mbele ya muuguzi wakati wewe umeshamtafutia pa kujificha, huyo mapenzi yake hayapimwi kwa kigaga. Mwombe akukune mgongo.

Wiki ijayo ngazi apande mke, mume apake chini. Safari hii tone limwangukie yeye.

Hayo machungwa nitakuja kuyaona. Lakini nikiingia, kabla sijatazama kuta, nitaomba suruali ikunjwe niuone huo muundi. Kabla mwezi haujaisha, mnitegemee.