Ziwa Lisilo na Ndagala

Mdogo wangu Faida,

Nakukumbatia, hata kama corona inakataza. Jumamosi binti yangu Neema alinivuta nje: "Mama, mwaka mzima umejifungia nyumbani hapa Mount Druitt kwa woga. Twende tukaone ziwa la mlimani." Mimi kusikia ziwa, nikajitwika beseni, nirudi na visamaki vya ndagala kama kwetu Uvira.

Tukapanda kwa miguu masaa mawili, majani ya miti yamekuwa mekundu kama pilipili, baridi inang'ata masikio. Kila mzungu anatazama beseni kwanza, ndipo ananisalimia. Kufika, hakuna mtumbwi, hakuna mchuuzi, hata harufu ya samaki! Watu wamekaa tu wanatazama maji.

"Wanangoja nini?" nikauliza.

"Hawangoji kitu, Mama. Wanapumua."

Basi na mimi nikakaa, nikashusha barakoa, nikapumua. Sikufa, mdogo wangu.

Haya, cheka, wewe unayeniita mwoga. Wakifungua mipaka ukaja, nitakupandisha huko na hayo magoti yako, tuone nani ataomba kubebwa. Mungu akulinde hadi siku hiyo, nikubebe kweli.

Dada yako,
Mama Neema