Akiba Inayooza

Alhamisi, Julai. Baridi na manyunyu. Milima ya Iveti haijaonekana tangu asubuhi.

Kwaru, kwaru, kwaru. Diski ya seva, kompyuta kuu ya kazini, imenifuata masikioni hadi nyumbani, kama panya ndani ya debe la mahindi.

Saiba yetu, duka la kukodisha kompyuta, ina laini moja nyembamba ya intaneti. Kwa hiyo seva huhifadhi nakala ya kila ukurasa uliofunguliwa, ili mteja anayeutaka baadaye aupate papo hapo. Hiyo ndiyo kashe. Bosi aliponiuliza maana yake, nilimjibu kwa ufupi: ni akiba.

Neno hilo limenitesa.

Kwake akiba haitupwi. Nikiomba kufuta nakala za zamani, anacheka. "Mwiitu," ananiambia, kama baba kwa binti, "wewe ni Mkamba gani usiyeogopa njaa? Akiba haiozi." Ameamuru kila nakala ikae wiki nzima, bila seva kuuliza kama ukurasa umebadilika. Kumbukumbu ya seva yenyewe ni ndogo. Nakala zimejaa mno, seva inahangaika kukumbuka ipi iko wapi, ndiyo maana diski inakwaruza. Nimesomea haya. Nikieleza, anatikisa kichwa, kisha anasema wateja wanataka kasi.

Leo mteja mmoja, Mwende, alitoka Kithimani kutafuta jina lake kati ya waliochaguliwa chuo cha ualimu. Ukurasa ulifunguka mara moja. Hayumo.

"Siz, hebu angalia tena."

Nikaangalia. Yaleyale.

"Basi niende viwanda vya EPZ nikashone suruali," akasema, akajichekesha, akatoka.

Ndipo nikaona tarehe chini ya ukurasa. Ya wiki jana. Nikailazimisha seva iulete upya kutoka kwenye chanzo, nikasubiri nikiuma kucha. Orodha ilikuwa imeongezwa, na jina lake limo. Anatakiwa kuripoti Jumatatu.

Nilikimbia bila sweta. Nilimkuta steji, mguu mmoja tayari garini. Nilipomwambia, alinishika mikono yote miwili.

Niliporudi nikamweleza bosi, nikitetemeka kwa baridi na hasira.

"Si amepata? Sasa shida iko wapi, mwiitu?"

Ni wangapi walioondoka kimya, wasiombe niangalie tena?

Alipokwenda kula sikuomba ruhusa. Nimefuta akiba yote. Nimepunguza nafasi yake ilingane na kumbukumbu tuliyo nayo, na kila ukurasa sasa utaulizwa upya kabla ya kuonyeshwa. Kisha nimebadilisha nywila ya seva. Bosi hanayo.