Kadi Niliyoitunga

Clem, niko kwenye basi la kwenda Skipton, begi mapajani. Nimeondoka kwa Enid chai yangu nusu kikombe.

Unaijua kamusi yake ya maneno ya kale ya Kiingereza, kazi yake ya miaka thelathini na mmoja. Kila neno na kadi yake: maana, sentensi iliyonakiliwa kitabuni, jina la kitabu. Bila sentensi neno haliingii. Nami nimemtumia kadi kutoka kila mji niliolala.

Leo kawaita majirani awasomee kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Akafika "forswunk", yaani aliyechakazwa na kazi. Akasoma: "Farasi alirudi forswunk, na bwana wake forswunk zaidi." Akasema ni mahubiri ya mwaka 1640. Watu wakapiga makofi.

Mahubiri hayo hayapo, Clem. Sentensi niliitunga mimi, nikiwa baa, siku niliyochoka kusoma.

Nikamwambia palepale. Akadhani natania.

"Kaa, mzee, unywe chai."

Nikarudia. Akavua miwani.

"Umetunga ngapi?"

"Sikumbuki."

"Kumi? Mia?"

"Enid, sikumbuki."

Nilimjibu hivyo mara mbili, mbele ya watu.

Basi limeshanishusha. Majirani walirudi makwao. Mchapaji kaambiwa asubiri. Nilipotoka, Enid alikuwa amemwaga kadi zangu zote mezani, anatafuta kitabu cha kila moja. Ana miaka themanini na miwili. Mimi nimekaa kituoni Skipton. Sijakata tiketi, ya kuendelea wala ya kurudi kwake.