Chupa ya Bei ya Jogoo Itakwenda Kiganjo

Mpendwa Baba Mdogo,

Dai langu ni hili, nami nitalitetea mbele ya yeyote: mvinyo unaofaa kupelekwa kwa wakwe ni ule ambao bei yake haizidi ya jogoo mmoja wa kienyeji, mradi aliyeuchagua anajua kwa nini ameuchagua. Mvinyo wa bei ya mbuzi, ulioteuliwa kwa sababu tu ya bei hiyo, ni majivuno yaliyotiwa kizibo.

Naliandika hapa penye wasomaji kwa kuwa nawe ulianza hadharani. Jumapili iliyopita, katika kundi la ukoo kwenye simu, uliniandikia hivi mbele ya shangazi zangu wote: "Ukiingia Kiganjo na chupa ya kifuniko cha kuzungusha, tafuta msemaji mwingine. Mimi huku Dubai nawamiminia wakubwa mvinyo. Sitaaibishwa na wewe." Shangazi wawili wakakuwekea picha za makofi.

Hilo si jambo dogo. Tangu Baba alipofariki, wewe ndiye sauti ya nyumba yetu. Siku ya ruracio, ukoo wetu utakapokwenda Kiganjo kwa kina Nyambura, mchumba wangu, kuzungumza mahari, hakuna mwanamume mwingine wa tumbo moja na Baba anayeweza kuinuka na kunisemea. Umeniwekea sharti la chupa juu ya jambo la maisha yangu. Basi tuijadili chupa.

Unaikumbuka likizo yako ya kwanza? Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimepanga chumba Kahawa Sukari, ukaja kunitembelea na chupa mbili katika mfuko wa nguo. Tulinywea bilauri za chai kwa kuwa sikuwa na nyingine. "Usimeze haraka, Baba," uliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la babu, baba yenu, na sijawahi kuzoea kuitwa baba na mtu aliyenibeba mgongoni. "Uzungushe. Unuse. Sasa niambie unasikia nini." Nikasema nasikia plamu zilizoiva mpaka zikaanguka. Ulinishika mkono kama mtu mzima mwenzako. Kila ninachokijua kuhusu mvinyo kilianzia pale, wala sitakikana kwa sababu leo tunabishana.

Lakini unakumbuka pia kesho yake, tulipokwenda kula mbuzi choma Ruiru? Uliagiza mvinyo mwekundu, mhudumu akauleta chupa ikitoka jasho la baridi.

"Hii umeitoa wapi?" ukamuuliza.

"Friji, mkubwa. Iko baridi kabisa."

"Mvinyo mwekundu haupozwi. Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, mkubwa. Lakini aliyenifundisha hakuwa amekaa chini ya hii mabati saa nane mchana."

Meza ya pili ilicheka. Wewe hukucheka. Ulimwamuru aiache chupa mezani ipate joto, nasi tukaja kunywa kitu kilichofanana na dawa ya kikohozi. Nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi: mhudumu yule alikuwa sahihi. Kanuni ya kuunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ilizaliwa katika nyumba za mawe za nchi za baridi, si chini ya mabati ya Ruiru. Nusu saa ndani ya friji haiuui mvinyo mwekundu, huurudishia adabu. Ulikariri kanuni, ukasahau sababu yake. Na huo, Baba Mdogo, ndio ugomvi wetu wote.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hukuwahi kuambiwa. Nilipima sana kama niliandike. Nimeona kwamba bila hili hutaelewa kwa nini sirudi nyuma.

Likizo hiyo hiyo ulimletea Baba chupa kutoka Ufaransa, yenye kizibo kirefu na picha ya jumba la kifalme. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliiweka katika kabati la vioo pale sebuleni, kati ya vikombe vya Mama na picha ya harusi yao, juu ya kitambaa cha kufuma, ikitazama dirisha. "Hii ni ya siku kubwa," alisema. Dada yangu alipojifungua, Baba aliitoa, akaifuta vumbi, akairudisha. Alipostaafu kiwandani Thika aliitoa tena, akasema siku kubwa zaidi inakuja. Kila alasiri jua liliingia dirishani na kuipiga ubavuni. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa, kwa sababu katika nyumba zetu kitu cha thamani hukaa mahali pa kuonekana.

Siku kubwa ikawa mahafali yangu. Kizibo kilivunjika vipande, tukauchuja mvinyo kwa kichujio cha chai. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyolala. Cucu, mama yenu, ambaye alipika muratina maisha yake yote na hahitaji kuambiwa pombe iko vipi, alinusa tu akaweka glasi chini.

"Huyu alikufa kitambo," alisema. "Mbona hamkuniita matanga?"

Sote tulicheka isipokuwa Baba. Alikunywa glasi yake yote. Kisha akajimiminia ya pili, akainywa nayo, pole pole, kama mtu anayemalizia chakula cha mwenyeji. Hapo ndipo ulipopiga simu. Uliuliza, "Ilikuwaje?" Akasema, "Tamu, ndugu yangu. Tamu sana." Nilikuwa nimeketi kando yake, siki ya mvinyo ule ikiwa bado ulimini mwangu.

Alifariki kabla ya siku kubwa nyingine. Kwa hiyo tazama tulipofikia: miaka yote hiyo umewamiminia watu usiowajua mvinyo mzuri, na kaka yako hakuwahi kuonja hata tone la ule uliotaka auonje. Hukumkosea. Sisi ndio tuliouua, kwa heshima. Lakini kama ungemletea chupa ya bei ya jogoo, tungeifungua Jumapili ile ile uliyoshuka kwenye ndege, wewe ukiwa mezani unamfundisha kuunusa, naye angekuambia uongo wa aina nyingine, kwamba anasikia plamu.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa mvinyo wa bei ya wastani. Nimesoma kila nilichokipata, kama unavyonijua. Hata hivyo, mwalimu wangu mkuu ni mtu asiyekunywa: Bwana Jayesh, mwenye duka la vinywaji pale Thika mjini.

"Mimi sijaonja hata tone," aliniambia mara ya kwanza. "Mama yangu angefufuka anichape. Lakini najua mteja gani alinunua hii, na najua nani alirudi."

Nilikuwa nimeishika chupa yenye picha ya jumba. Akaninyang'anya.

"Wacha kusoma nyumba ya watu, kijana. Soma mwaka. Na usichukue ya dirishani, hiyo ni pambo. Nenda nyuma kwa katoni."

Katika maneno hayo mna hekima zaidi ya nusu ya vitabu nilivyosoma. Mvinyo wa bei nafuu, mweupe kwa mwekundu, aghalabu hutengenezwa ili unywewe mapema, ungali kijana. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye chupa ukiwa wa karibuni ni sifa, hasa kwa mweupe. Duka linalouza haraka ni bora kuliko duka lenye marumaru. Na kifuniko cha kuzungusha unachokidharau huzuia hewa vizuri kuliko kizibo duni. Wapo watengenezaji hodari duniani wanaokitumia kwa hiari yao, si kwa umaskini.

Ukishajua hayo, unanunua zabibu na jua, huilipii nchi jina lake. Kwa mbuzi choma sijaona kinachoishinda Malbec ya Argentina, nzito bila ukali, inayostahimili mafuta na chumvi. Pilau ya harusini naipa Garnacha ya Uhispania. Kwa kuku na mukimo wa viazi nachukua mweupe wa Afrika Kusini, Chenin Blanc, na mgeni aliyefika amechomwa na jua namkaribisha kwa ule mweupe mwepesi wa Ureno unaochachamaa kidogo ulimini. Nimekosea pia, sitaficha. Niliwahi kununua chupa tatu nyeupe zilizopunguzwa bei bila kuuangalia mwaka, nikawapa marafiki kitu ambacho Nyambura alishauri tukioshee sinki. Lakini kosa la bei ya jogoo unalicheka, wiki ijayo unachagua vizuri zaidi. Kosa la bei ya mbuzi unalinywa mpaka glasi ya pili na kulisifu.

Najua utasema mama mkwe wangu anapenda mvinyo mtamu, nawe uliwahi kusema mtamu ni juisi ya watoto. Ni kweli anaupenda. Nimemtafutia Chenin yenye utamu kiasi, ipozwe vizuri. Ulimi wa mwenyeji si mtihani wa kusahihishwa.

Nawe unaijua mila yetu kuliko mimi. Wazee wa Kiganjo wamekubali kwamba kando ya muratina patakuwa na mvinyo. Kabla hawajagusa kitu, Nyambura ataitwa katikati na kuulizwa kama kinywaji tulicholeta kinywewe au kisinywewe. Ataonja yeye kwanza, kisha ampe baba yake. Ataonja, Baba Mdogo, hatasoma bei. Wakati huo ambapo kauli yake ndiyo sheria, nataka kinywani mwake kuwe na kitu kizuri kilicho hai, nilichokichagua nikijua yeye anapenda nini. Hiyo ndiyo heshima ninayoitambua. Kama unayo nyingine iliyo bora, nionyeshe.

Wala usinipigie simu ya pembeni kunituliza, na usimtume shangazi. Uliniaibisha mbele ya watu. Unijibu mbele ya watu, hapa hapa, kwa hoja. Sema ni wapi nimekosea: ni katika mwaka, kifuniko, nchi, au ulimi? Ukinishinda, nitabadilisha chupa na kukiri kwa jina langu. Ukikosa hoja, kata tiketi. Wazee wa Kiganjo watauliza ni nani anayemsemea kijana huyu, kisha watageuka kutazama upande wetu. Je, utainuka? Andika ndiyo au la, na wote wasome.

Mwana wa kaka yako